Tuchange Tungali Wazima

Wengi wetu hutafuta fedha za matibabu mgonjwa akiwa tayari kitandani. Ndipo mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa.

Mwaka 1996, wilayani Igunga, Tabora, ilijaribiwa njia nyingine: Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilichanga mara moja kwa mwaka, ikapewa kadi, na aliyeugua akatibiwa zahanati bila kudaiwa tena. Kwa kila shilingi iliyochangwa iliongezwa nyingine. Mpango huo uliitwa "tele kwa tele". Sheria ya mfuko ilipitishwa mwaka 2001.

Tufanye hesabu. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ulikuwa sh. 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kaya 100 zikilipa, zinapatikana sh. 3,000,000, na wengi wao hawataugua sana mwaka huo. Fedha yao ndiyo inayomtibu mwenzao. Lakini zikijiunga kaya 10 tu, zile zenye wagonjwa, ni sh. 300,000. Kabati la dawa litakuwa tupu mapema. Jirani naye atauliza, "Nichange, halafu niandikiwe dawa nikanunue dukani?" Hana kosa. Aliyelipa akakosa dawa, mwakani harudi.

Kwa hiyo kamati ya zahanati ibandike ubaoni fedha zilizoingia na dawa zilizonunuliwa. Michango nayo ikusanywe pamba ikishauzwa, si Januari, watoto wanapodai madaftari na sare, na ghala limebaki vumbi.