Dondoo muhimu: Kuchaji gari la umeme nyumbani

Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa takriban kilowati 2.4 ukichaji kwa ampea 10. Kwa Nissan Leaf yenye betri ya kWh 40, kujaza kutoka chini kabisa kutakula saa 17 na zaidi. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni nusu ya muda huo au pungufu, ila angalia kwanza chaja iliyo ndani ya gari: Leaf nyingi zilizotoka Japani hupokea kilowati 3 tu, kwa hiyo ungetupa pesa.

Ekstensheni ya sokoni usiiguse. Fundi umeme avute waya wake mahsusi, wenye ethi na breka yake. Plagi ikiwa moto hadi huwezi kuishika, chomoa.

Kenya tangu 2023 kuna bei maalumu ya magari ya umeme, iliyo nafuu zaidi usiku, wakati mvuke wa Olkaria hauna wateja wa kutosha. Mita ya kawaida ya tokeni haijui usiku wala mchana, kwa hiyo ulizia Kenya Power kabla ya kujisumbua na ratiba. Hata hivyo, usiku una faida nyingine: shawa ya umeme na chaja vikiwaka pamoja, meni swichi inaweza kuanguka.

Ukipanga muda, kagua saa ya gari. Iliyobaki na majira ya Japani itasoma 4:00 wakati Nairobi ni saa nne usiku!

Kwa mizunguko ya kila siku, asilimia 80 inatosha.