Kumsomesha mtoto nyumbani: Sheria inamtaka nini mzazi?

Mara kwa mara baada ya darsa wazazi huniuliza: Je, naweza kumtoa mwanangu shule nikamsomesha mwenyewe nyumbani? Wanaouliza hivi si maadui wa elimu. Ni wazazi wenye uchungu. Wanaona darasa limefurika, mwalimu hamfikii kila mtoto, na mtoto anarudi na matusi ya mtaani ilhali hajui kutawadha.

Kwa upande wa dini msingi uko wazi. Katika Suratut-Tahrim (66:6) Allah (s.w.) anatuamrisha tujiokoe na Moto sisi na ahli zetu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto ni amana ya mzazi kabla ya kuwa ya mwalimu. Lakini amana haitekelezwi kwa jazba. Tuijue kwanza sheria.

Kwanza, kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978. Kifungu cha 35 kinafanya uandikishaji katika elimu ya msingi kuwa wa lazima, na kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shuleni mpaka amalize. Nimeisoma sheria hiyo na sikuona mahali inapompa mzazi utaratibu wa kuisajili nyumba yake iwe badala ya shule. Zanzibar wana sheria yao, Na. 6 ya 1982, hivyo walioko huko waangalie hiyo.

Pili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu elimu kuwa haki ya mtoto na wajibu wa mzazi. Anayevunja wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Tatu, wapo wanaosema, tuwakusanye watoto wa jirani kumi au ishirini, tuajiri mwalimu mmoja. Hapo ndugu yangu umeshaanzisha shule, na shule ya binafsi haifunguliwi kabla ya kusajiliwa.

Wengine watasema mbona jamaa zetu walioko London wanasomesha watoto nyumbani? Ni kweli. Sheria ya Elimu ya England ya 1996 inamruhusu mzazi kutimiza wajibu wake kwa shule au kwa njia nyingine. Lakini ukivuka ukaenda Ujerumani, jambo hilo hilo linakatazwa. Kila nchi ina sheria yake, na ruhusa ya London haimlindi mzazi wa Temeke.

Tukiacha adhabu, kuna hasara kubwa zaidi. Tuchukue binti aliyetolewa darasa la nne akakaa nyumbani na msahafu wake. Kuhifadhi Qur'an ni neema kubwa. Lakini akifika miaka 17 akitamani uuguzi, atauliziwa cheti. Njia ya mtahiniwa wa kujitegemea ipo, lakini asiyepita kidato cha pili hulazimika kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa (QT) ndipo akaribie kidato cha nne. Ni njia ndefu kwa aliyeishia darasa la nne. Kisha sisi sisi ndio tunaolalamika kuwa wake zetu wanazalishwa na wanaume! Wauguzi na madaktari wa kike wa Kiislamu watatoka wapi?

Basi tufanye nini? Nyumba ibaki kuwa madrasa ya kwanza: Alfajiri, baina ya Magharibi na Isha, na siku za mapumziko. Tuingie katika kamati za shule, badala ya kulalamikia barazani. Kipindi cha dini kimo katika ratiba za shule za serikali, lakini mara nyingi hakuna mwalimu wa Kiislamu wa kukifundisha. Msikiti ulio jirani na shule unashindwa kumlipa nauli ustadhi mmoja? Mwenye uwezo ampeleke mwanawe shule ya Kiislamu iliyosajiliwa. Na anayeona sheria inambana mzazi, apeleke hoja kwa mbunge wake ili ibadilishwe, asimfiche mtoto chumbani.

Mtoto huyu atatuuliza kesho hapa duniani, na Allah (s.w.) atatuuliza kesho Akhera. Tujiandae kwa majibu yote mawili.

Wabillahi tawfiq.