Mizani si hakimu wako

*Mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Majoreni. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kule Mombasa na mwili umepungua sana. Daktari anasisitiza mazoezi, nami siyapendi. Nikianza, wiki haiishi naacha. Sasa mizani imeganda, watu hunikodolea macho barabarani, na mume wangu anasema tumetupa pesa. Hamu nitaitoa wapi? – Nimechoka, Majoreni.*

Dada yangu, pole, na hongera pia. Umeandika kama mtu aliyeshtakiwa, na nadhani ugumu uko hapo: mazoezi umeyafanya adhabu, na mizani ndiyo hakimu. Baada ya upasuaji huu kilo nyingi huondoka katika mwaka wa kwanza au mmoja na nusu, kisha mwili hutulia, kwa mwenye bidii na asiye nayo. Tena kinachopunguza kilo hasa ni tumbo dogo na chakula kichache. Mazoezi huongezea kidogo tu. Faida yake kubwa iko kwingine. Mwili unaopungua kwa kasi hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mifupa nayo hudhoofika. Kutembea na kuinua vitu vizito kiasi husaidia kuilinda misuli na mifupa hiyo. Ukiyapima mazoezi kwa kilo, kila wiki utajiona umeshindwa, ilhali miguu na moyo vinapata nguvu. Jipime kwa ndoo ya maji uliyoibeba bila kuitua njiani.

Hamu nayo haiji kwa kujilaumu. Tangu miaka ya 1970, wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan wameonyesha kwamba tunalolifanya kwa kulipenda hudumu kuliko tunalosukumwa nalo kwa tuzo au aibu. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis, aliyechunguza hisia za watu wakiwa mazoezini, aligundua kwamba mwendo ukizidi kiwango ambacho mtu bado anaweza kuzungumza, raha hugeuka karaha, na mtu anayejichagulia mwendo hujisikia vizuri zaidi. Nashuku wewe huanza kwa kishindo, ukachukia siku ya tatu. Nenda mwendo wa kupiga soga na jirani, alfajiri kabla jua halijawa kali, na maji uyanywe funda dogo dogo, maana tumbo lako sasa halipokei mengi kwa mkupuo.

Watakuwapo wa kusema kwamba huo ni mchezo, mazoezi ni jasho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 hausemi hivyo. Unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na umeondoa sharti la zamani la angalau dakika kumi mfululizo. Kulima na kazi za nyumbani huhesabiwa, na ngoma pia. Kwa hiyo nusu saa ya chakacha na wenzako, mlango umefungwa, ni mazoezi kamili, na macho ya barabarani hayafiki humo. Kwa pwani yetu, ambako mama wengi huona haya kukimbia hadharani, njia hii naipenda kuliko zote.

Lakini uchovu wako usiuite uvivu kabla haujapimwa. Tumbo likishapunguzwa, madini ya chuma na vitamini B12 huweza kupungua mwilini, na mwanamke anayepata hedhi yumo hatarini zaidi. Mwenye upungufu wa damu haoni raha ya mazoezi hata apewe ngoma gani. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni ukapimwe damu, usiache vidonge ulivyoandikiwa, na kila mlo uanze na samaki, mayai au kunde, ili misuli ipate cha kujijengea.

Na mumeo asome hapa. Bwana, pesa hazikutupwa: kupungua kwa mwili kumempunguzia mkeo hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Ukitaka faida hiyo idumu, acha kumuuliza amepungua kilo ngapi, ufuatane naye alfajiri.