SOMO LETU: TUULIZE NAMBA KABLA YA KUMSHTAKI MWEKA HAZINA



Kikundi chetu nusura kivunjike kwa sababu ya shilingi 1,800. Tulikuwa wanachama 27. Kila mmoja aliweka shilingi 70 kwa wiki, kwa wiki 44, yaani 3,080. Siku ya kugawana, mama mweka hazina akasoma ripoti: "Jumla ni shilingi 81,360." Mzee mmoja akasimama: "Hapana! 27 mara 3,080 ni 83,160. Hizo 1,800 zimeenda wapi?" Wengine wakaanza kunong'ona kwamba pesa zimeliwa. Mama akalia.

Tulifungua sanduku, tukahesabu mbele ya wote. Zilikuwa 83,160 kamili. Mama alipokuwa akinakili ripoti alibadilisha nafasi ya 3 na 1, basi.

Tunajifunza nini?

1. Gawa tofauti kwa 9. 1,800 kwa 9 ni 200, hakuna baki. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara. Hapa 3 ilishuka kutoka maelfu hadi mamia: 3,000 ikawa 300, tukapoteza 2,700. Nayo 1 ilipanda: 100 ikawa 1,000, tukapata 900. 2,700 toa 900 ni 1,800.

2. Gawa jumla kwa idadi ya wanachama. Kama wote waliweka sawa, hakuna kitu kitakachobaki. 83,160 kwa 27 ni 3,080. Lakini 81,360 kwa 27 ni 3,013 na inabaki 9. Sasa mnajua iliyo na kosa ni ipi.

3. Msijumlishe tarakimu tu mkaridhika. 8+3+1+6+0 ni 18, na 8+1+3+6+0 pia ni 18. Kosa limejificha!

Tena 83,160 ni namba karimu. Kuna namba 128 zinazoigawa bila baki, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko hiyo yenye nyingi hivyo. Tungekuwa 24, 28 au 30, tungegawana vizuri. Lakini tungekuwa 29, zingebaki shilingi 17. Kwa hiyo mkubaliane mapema baki itaenda wapi.

Tahadhari: 9 ni dalili, si ushahidi. Mtu akichukua shilingi 900, nazo zinagawanyika kwa 9. Lazima mhesabu pesa na kuangalia risiti.

Maswali ya kujadiliana

(a) Wanachama 21 waliweka pesa sawa, shilingi nzima bila senti. Daftari moja linasema 47,520, jingine 47,250. Kosa liko katika lipi?

(b) Katika kikundi chenu, ni nani anayehakikisha hesabu pamoja na mweka hazina? Kama hakuna, mchagueni leo. Kufanya hivyo si kumshuku mweka hazina, ni kumlinda.