Mapezi ya Kuzamia: Magumu au Laini?

Kijana wa Igoma, bila shaka unayajua makaburi ya MV Bukoba. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na wengi wa waliokufa wamezikwa hapo mtaani kwetu. Halafu mwaka 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mhandisi wake akiwa hai! Si ajabu vijana wengi wanatamani kujua kuzamia.

Leo tuongelee mapezi, yaani vile viatu vya mpira vyenye ubapa mrefu mbele, kama mguu wa bata. Watu hudhani kwamba ubapa ukiwa mgumu zaidi, utakwenda kasi zaidi. Sio hivyo. Ubapa mgumu husukuma maji mengi, lakini unadai nguvu nyingi za paja. Msuli unaofanya kazi sana unatumia oksijeni nyingi, na wewe uko chini na pumzi moja tu! Tena misuli ya mguu inaweza kukaza ghafla ukiwa chini.

Kwa hiyo, kama wewe ni mwembamba au ndio unaanza, chukua laini. Magumu waachie watu wazito, wenye mapaja ya kupandisha baiskeli ya mkaa mlimani. Ya plastiki yanatosha kujifunzia. Ya kaboni ni mepesi na yanarudi haraka, lakini ni ghali, na kwa mawe yetu haya ya Mwanza hayatadumu.

Kabla ya kununua, yavae. Vidole vikifa ganzi, yanabana. Kisigino kikichomoka, nguvu yako inapotea bure. Kisha ogelea mita 25 juu juu ya maji, ukipiga mguu kuanzia kwenye nyonga, sio kukunja goti kama unaendesha baiskeli. Mapaja yakianza kuwaka moto mapema, ni magumu kwako. Ukipiga mateke mengi na husogei, ni laini mno.

Jaribio hili lifanyie kwenye bwawa la kuogelea. Kando ya ziwa, hasa penye magugu, wapo konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Umeshaogelea ziwani? Nenda kituo cha afya ukapime choo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wako, kwa hiyo usijinunulie ovyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mapezi mazuri hayalitibu. Wengine huhema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, eti wajaze hewa. Kumbe wanapunguza kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Oksijeni inaisha bila mwili kukuonya, na unazimia, mara nyingi ukiwa unakaribia kutoka juu. Hupigi kelele wala hurushi mikono. Unazama kimya.

Ndiyo maana mnakwenda wawili: mmoja chini, mwingine juu akiangalia, na mwenye kuangalia awe anaweza kukufikia. Ukitoka, asikuondolee macho kwa nusu dakika nzima, kwani mtu anaweza kuzimia hata baada ya kuvuta pumzi ya kwanza. Kama mwenzako hajafika, siku hiyo usizame.