Mshika Tatu: Msuko na Usawiri wa Shujaa katika Filamu ya Spider-Man 3

Utangulizi

Filamu ya Spider-Man 3, iliyoongozwa na Sam Raimi na kutolewa mwaka wa 2007, iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Hata hivyo, wengi walioipenda Spider-Man 2 (2004) walivunjwa moyo nayo. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro yake kuu imo katika msuko: filamu ilirundika wakinzani, kisha ikabomoa chimbuko la ushujaa wa mhusika wake mkuu.

Wakinzani na Sadfa

Katika Spider-Man 2, Peter Parker anapambana na mkinzani mmoja, Doctor Octopus, msomi anayetawaliwa na mikono ya chuma aliyoiunda mwenyewe. Mgogoro huo unaakisi ule wa nafsi ya Peter, ambaye pia analemewa na uwezo wake. Katika sehemu ya tatu wakinzani ni watatu: Harry Osborn, rafiki anayetaka kulipiza kisasi cha babake, Flint Marko, mhalifu anayegeuka mchanga, na Eddie Brock, mpigapicha anayegeuka Venom. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Venom anajitokeza filamu ikikaribia tamati, na chuki yake haipati muda wa kukomaa.

Aidha, msuko unategemea sadfa. Kimondo chenye kiumbe cheusi kinaanguka karibu kabisa na Peter. Mtumishi wa akina Osborn naye anafichua ukweli kuhusu kifo cha bwana wake pale tu Harry anapohitajika kubadili nia. Mtazamaji hubaki akijiuliza ni kwa nini alinyamaza muda wote huo.

Hatia ya Shujaa

Katika filamu ya kwanza (2002), Peter anamwacha mwizi atoroke kwa kuwa aliyeibiwa alikuwa amemdhulumu. Mwizi huyo anaaminika kumuua Ben, ami yake Peter, na hatia hiyo ndiyo inayomfanya Peter kuwa shujaa. Sehemu ya tatu inadai kwamba aliyefyatua risasi ni Marko. Ingawa tukio la Peter kumsamehe Marko linagusa moyo, mzigo wa dhamiri umekwisha kuhamishiwa kwa mwingine.

Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa anaangushwa na mwanawe mwenyewe, aliyeijua siri ya udhaifu wake. Harry angeweza kubeba uzito kama huo, kwani ni mwandani anayeijua siri ya Peter. Badala yake, anaumia kichwani na kuisahau siri hiyo kwa muda, huku wakinzani wengine wakipishwa jukwaani.

Hitimisho

Mwendelezo wowote una deni kwa hadithi iliyoutangulia. Mtunzi anaweza kuongeza wahusika na matukio, mradi asiguse jeraha lililomzaa shujaa bila kuwa na jingine zito la kuweka mahali pake.