Mzaha unapovuruga igizo dhima

Je, umewahi kuongoza igizo dhima katika kikundi, mshiriki mmoja akaanza kuchekesha, na saa nzima ikapita bila somo kufika? Wengi wetu tunaofanya kazi na wavuvi, akina mama wauza dagaa na vijana kando ya Ziwa Viktoria tumekutana na tatizo hili. Katika makala hii tunaeleza tuliyojifunza, ili nanyi myatumie katika vikundi vyenu.

Igizo dhima ni nini?

Katika igizo dhima washiriki hawakariri maneno. Kila mmoja hupewa nafasi ya mtu fulani, kwa mfano nahodha, tajiri mwenye mtumbwi au mama anayenunua dagaa. Husema na kutenda kama anavyodhani mtu huyo angefanya. Baadaye kikundi kizima hujadili yaliyoonekana. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kusema jambo zito kwa kinywa cha mwingine.

Mkoa wa Mwanza una historia katika njia hii. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji wenyewe waliyataja matatizo yao, wakayatungia ngoma na maigizo, kisha wakayajadili.

Njia hii inahitaji kitu kimoja: kwa muda mfupi wote wakubali kwamba benchi hili ni mtumbwi. Mmoja akilivuruga hilo kwa mzaha, mtumbwi unarudi kuwa benchi, na mazungumzo yanakwisha.

Yaliyotupata mwaloni

Tulikuwa kwenye mwalo mmoja wa kisiwani. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri. Mada yetu ilikuwa usalama majini. Watu wa ziwa hili wanaijua mada hiyo kwa uchungu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220.

Igizo lilihusu mtumbwi uliojaa kupita kiasi, upepo umeanza, na majaketi okozi hayatoshi. Kijana aliyeigiza baharia alianza vizuri. Lakini kila nahodha alipotaja jaketi, yeye aliingiza jambo jingine: mara Simba na Yanga, mara tumbo la nahodha. Watu walicheka, nasi tukacheka. Mara ya tatu akasema atakayezama awasalimie sato. Mama mmoja aliyeketi nyuma akainuka, akatoka. Baadaye tuliambiwa kwamba alifiwa na ndugu yake mwaka 2018.

Jioni ile tulikosea mara mbili. Kwanza, hatukumfuata mama yule mara moja. Pili, tulimkaripia kijana mbele ya wote. Alinyamaza, na kikundi kizima kikanyamaza pamoja naye. Igizo likaishia hapo.

Kesho yake tulikwenda kwa mama kumwomba radhi. Kisha tukakaa na kijana faragha, tukamwuliza, “Mdogo wetu, mbona utani ulikuja kila jaketi lilipotajwa?”

Akajibu, “Kaka, tajiri wangu alikuwa amekaa pale mbele. Baharia akidai jaketi anaitwa mwoga, na kesho anachukuliwa mwingine. Ningesema nini?”

Tulidhani mzaha wake uko nje ya mada, kumbe ulikuwa umeikalia mada yenyewe.

Siku mbili baadaye tulirudia igizo, lakini tukabadilisha nafasi. Matajiri wawili waliokuwapo waliigiza mabaharia, na kijana akawa tajiri. Kabla ya kuanza aliomba radhi kwa maneno yake ya awali, na mama yule alikuwapo. Vicheko havikukosekana, ila sasa vilihusu jambo lenyewe. Mwishoni walikubaliana kwamba nahodha au baharia akikataa kuondoka kwa sababu ya upepo au kukosa jaketi, hatapoteza kazi. Jaketi bado ni ghali kwa wengi, na makubaliano ya mdomo yanahitaji kukumbushwa. Hata hivyo, jambo lililokuwa halisemwi lilisemwa.

Utani una taratibu zake

Baadhi ya wawezeshaji hukataza mzaha kabisa. Hatushauri hivyo. Kikundi kisichocheka huchoka upesi, na utani ni sehemu ya maisha yetu. Wasukuma na Wazaramo, kwa mfano, ni watani. Watani huruhusiwa kutaniana hata msibani, lakini ndio hao hao wanaosaidia kazi za mazishi. Hivyo anayetania ana ruhusa, na ana wajibu pia.

Mwaloni hukutana Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Waluo na wengine. Si wote ni watani. Neno ambalo mtani angelicheka, kwa mwingine ni tusi.

Aina tatu za mzaha

- Mzaha wa kupoza uchovu. Huja mara moja, watu hucheka, igizo huendelea. Uacheni upite.
- Mzaha wa kukwepa. Hurudi kila jambo fulani linapotajwa. Angalieni ni jambo gani, maana huenda ndilo linalohitaji kujadiliwa.
- Mzaha wa kuumiza. Humlenga mtu, kabila, ugonjwa au msiba. Usimamisheni papo hapo.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kuanza, kikundi kijiwekee kanuni. Ulizeni: “Ni mambo gani hatutayafanyia mzaha leo?” Kanuni iliyotoka kwa washiriki hushikwa kuliko ya mwezeshaji.

2. Fupisheni igizo. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Igizo refu lisilo na mwelekeo hukaribisha mzaha.

3. Kubalianeni ishara ya kuanza na kumaliza, kwa mfano kupiga makofi mara mbili. Ishara ikishatolewa, wote wamo katika igizo. Ikitolewa tena, wote wametoka na wanaweza kucheka watakavyo.

4. Mzaha ukizidi, simamisha igizo kwa upole na uulize swali la ndani ya igizo: “Baharia, upepo umeanza. Utafanya nini?” Hilo humrudisha bila kumwaibisha.

5. Zungumza na mchekeshaji faragha. Usimwulize “kwa nini unatuharibia?” Mwulize nini kilimfanya aone ugumu.

6. Mpe kazi. Mara nyingi mcheshi huona upesi kile ambacho wengine wanaogopa kukitaja. Anaweza kuongoza mchezo wa kuchangamsha kabla ya igizo, au kuwauliza waigizaji maswali baada yake.

7. Angalia nani hacheki. Aliyenyamaza au kutoka nje afuatwe mara moja na mwezeshaji mmoja, huku mwingine akibaki na kikundi.

8. Jichunguze mwenyewe. Mwezeshaji akicheka, ametoa ruhusa.

Kama mzaha wa kuumiza unaendelea hata baada ya mazungumzo ya faragha, mwombeni mhusika apumzike kipindi hicho, na viongozi wa kikundi wazungumze naye. Haki ya mmoja kuchekesha haizidi haki ya mwenzake kuketi salama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kikundi chetu, mzaha huja tunapozungumzia jambo gani? Kwa nini?
- Nani kati yetu anaweza kumtania nani bila kumuumiza?
- Je, yupo mtu ambaye uwepo wake huwafanya wengine washindwe kusema kweli? Tunaweza kupanga igizo vipi ili wasikike?
- Mara ya mwisho mtu alipotoka au kunyamaza katikati ya kicheko, sisi tulifanya nini?